Zamu ya Mlimani

Mtu mmoja alikuwa na mashine ya kusaga nafaka, katika mji ulioanza kuitwa jiji kabla haujapata maji. Jina lake Nkwabi. Mashine ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, kwa hiyo mlangoni palikuwa na desturi: ukifika, unaweka ndoo yako ya mahindi nyuma ya ndoo uliyoikuta, kisha unakwenda zako. Ukirudi, unaikuta imesogea mbele pamoja na nyingine. Askari alikuja na sare zake, akangoja. Mke wa Nkwabi mwenyewe aliweka ndoo yake mwisho, akanuna siku nzima.

Kwa ajili ya foleni ile watu walimwamini. Wakamchagua udiwani, na madiwani wenzake wakamfanya meya. Mashine akamwachia mdogo wake, akanunua suti moja, akaingia ofisini.

Jiji lilikuwa na mtambo mmoja tu wa kuchimba visima, na mitaa iliyokosa maji ilikuwa mingi. Nkwabi akaipanga kama alivyozoea kupanga ndoo: aliyetangulia kuomba ndiye atakayetangulia kuchimbiwa. Ila ndoo hazisemi, watu wanasema. Kila jioni alikuta wageni sebuleni, na hakukosekana shemeji yake, Malundi, aliyekaa mtaa wa mwisho kabisa kwenye zamu. Malundi hakuleta bahasha. Alileta maneno yale yale, kwamba mtaa wake utangulizwe, taratibu, kwa heshima zote, mpaka chakula kikapoa. Nkwabi alikataa msimu mzima. Alikonda. Alifika mahali akaiogopa nyumba yake mwenyewe. Jioni moja, hata viatu hajavua, akasema, "Haya, wauchukue mtambo." Kisha akalala usingizi mzito, na kusema kweli, kwa usingizi ule simlaumu.

Mtambo ukaupita mtaa wa Mlimani, uliokuwa umefikiwa na zamu, ukaenda kwa shemeji.

Habari haikukawia. Ofisini kwa meya akaja Bi Kalekwa wa Mlimani, bibi aliyekuwa akisaga kwake tangu mashine ikiwa mpya. Nkwabi akamwamkia, akangoja kutukanwa. Angetukanwa angepata nafuu. Bibi akakaa, akapumua, akasema:

"Mwanangu, kwako nilikuwa naweka ndoo, nakwenda zangu shambani. Sasa nitalima saa ngapi, na ndoo yangu inataka mlinzi?"

Siku ile ile Nkwabi akaamuru mtambo upelekwe Mlimani. Ukapelekwa, na maji yakatoka. Lakini watu wa mtaa uliofuata walikuwa wamekwisha kuuzunguka, wamekaa kwenye mikeka yao, hawaondoki mpaka uende kwao. Nyuma yao wakaja wa mtaa mwingine. Tangu hapo, kila ulikokwenda mtambo, watu wazima walishinda wakiulinda na kutazamana vibaya, na mvua za kupandia zikapita juu ya mashamba yasiyo na mtu. Meya akapita katikati yao, akiwaambia kuwa zamu zimerudi kama zamani. Walimwitikia vizuri, "Ndiyo, mheshimiwa," na hakuinuka hata mmoja.

Nkwabi hakuonja rushwa, hata ya soda. Alichoka tu. Basi ninyi mliokabidhiwa watu, nawauliza: ni haki ya nani mliyoiachia, jioni ile mliyotaka tu kupumzika?