Banda la Tisini

Nyamazeni kidogo, kama mnaweza, maana kisa hiki ni cha kelele.

Palikuwa na karakana ya jua kali iliyoitwa Kambi Chuma. Mabanda yalibanana hadi hewa ikakosa pa kupita, na ukuta wa nyuma wa karakana ndio uliokuwa ukuta wa zahanati. Aliyeupanga mji hivyo alistaafu kwa heshima, akazawadiwa saa ya ukutani.

Humo walikuwamo watu watatu. Bosibori alijua kusoma karatasi: digrii ya mipango miji, second class upper, na miaka minne ya kuuza uji wa wimbi katikati ya mabanda. Mzee Mwakio alijua kusema kwa mikono. Miaka thelathini ya kugonga masanduku ya shule ilikuwa imeyaua masikio yake, na kwa kuwa pale hakuna aliyemsikia mwenzake, karakana nzima ilijifunza ishara kutoka kwake. Akiinua kidole, nyundo zote zinamtazama. Otsieno, fundi wa milango ya chuma, alijua kutoogopa. That's all. Hakuwa na cheti cha kitu kingine.

Bosibori alikuwa na sababu yake. Mwaka uliotangulia alilazwa kwenye ile zahanati, uchungu umemshika. Muuguzi akamwekea tumboni kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto, akafumba macho.

"Nasikia nyundo tu, dada," akasema. "Tungoje waende kula."

Saa saba nyundo zilipotulia, hapakuwa tena na moyo wa kusikilizwa.

Basi akasoma. Aliusoma mpango wa maendeleo ya mji wote, kurasa mia nne, jalada gumu, picha za watu wasiojulikana wakinywa kahawa kwenye bustani isiyokuwepo. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili akakipata kifungu: kelele zikipimwa kwa saa nzima na kuvuka kiwango karibu na zahanati, the county shall, siyo may, shall, iwajengee mafundi karakana mpya nyuma ya kilima, yenye kuta nene na miti, ili biashara ikue na wagonjwa wapumzike. Akaandika barua. Afisa akaja.

Alikuja mara tatu, na mara zote tatu kipima sauti hakikuona kitu. Kisa? Kambi Chuma mgeni akiingia, nyundo huwekwa chini. Kumsalimia mtu huku unagonga chuma ni dharau. Mafundi walisimama, wakajifuta mikono, "Karibu, afisa, karibu sana," na hawakuzishika nyundo mpaka alipoondoka. Afisa akaandika: hakuna kelele.

"Heshima yenu itatumaliza," Bosibori akawaambia.

"Sasa tumtukane mgeni?" wakamjibu. "Hayo ndiyo mlifunzwa university?"

Mara ya nne, Mwakio alipanda juu ya pipa. Afisa alipoingia nyundo zikaanza kuwekwa chini, kama kawaida. Mzee akainua mikono yote miwili, akaipiga hewa: gongeni. Wakasita, wameona haya. Akaipiga tena hewa, machozi yakimtoka, maana adabu ile ni yeye aliyewafundisha. Ndipo zikalia.

Dakika ishirini tu, afisa akatia vidole masikioni, akabeba mashine yake kuelekea langoni. Otsieno akalifunga lango kwa mnyororo.

"Bado dakika arobaini, mkubwa. Kunywa uji."

"Fungua! Unajua mimi ni nani?"

"Najua. Ndiyo maana nimefunga."

Kipima sauti kikamaliza saa yake. Otsieno naye akaenda kumaliza miezi sita jela.

Karakana mpya ikajengwa, mabanda tisini. Kambi Chuma ikabomolewa, ikawa parking. Hiyo ndiyo inaitwa economic development. Nje ya zile kuta ikapigwa marufuku kugonga wala kuuza chochote.

Mabanda themanini na tisa yakagawiwa. Watatu wetu hawakuwamo. Mwakio, ilisema kamati ya kugawa, hasikii kengele ya hatari. Otsieno ana rekodi ya polisi. Bosibori si fundi. Likabaki banda moja, ambalo kamati ililiita la huruma.

Mwenyekiti akamsogezea Bosibori fomu. "Wewe mwandiko wako mzuri. Andika jina moja. Hata lako, hatutauliza."

Otsieno alikuwa amesimama kando yake. "Graduate, sitakudanganya. Nalitaka. Nimetoka ndani, pa kuegemea sina."

"Wanasemaje?" Mwakio akauliza kwa sauti kubwa.

Bosibori akamweleza kwa mikono. Mzee akaitazama yake, akajibu kwa ishara chache: hii haijui kazi nyingine.

Na yeye Bosibori, sufuria yake ya uji ilikuwa siku ya tisa haijaona moto.

Haya, ninyi mliokaa mnasikiliza. Bila karatasi, afisa asingekanyaga pale. Bila mikono ya mzee, nyundo zisingelia. Bila mnyororo, saa isingetimia. Kalamu anayo Bosibori, na mwenyekiti anataka kufunga ofisi. Msiniambie wagawane: fomu ina mstari mmoja. Je, wewe ungeandika jina la nani?