Beringi ya Marehemu Digidigi

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nani?
Tuambie wewe.
Palikuwa na mnene na mwembamba. Mnene alikuwa na nyundo. Mwembamba alikuwa na msiba. Sogeeni basi, maana haya nayasema kwa sauti ndogo. Mimi sipendi umbea.

Mama Digidigi alifiwa na mumewe. Mmewaona digidigi, hutembea wawili wawili. Basi yeye akabaki mmoja. Marehemu alimwachia watoto na pikipiki. Kwa pikipiki alikwenda gulioni kuuza mandazi, na kwa mandazi watoto wakala. Siku moja beringi ya injini, ile pete ya chuma, ikafa. Pikipiki ikagoma.

Akaisukuma mpaka kwa Fundi Ngiri. Akaisukuma huku akilia, akalia huku akiisukuma.

"Shemeji," akamwambia, "marehemu alikuwa akilipasha moto ganda la injini kwanza, juu ya jiko langu. Likipata joto linatanuka, beringi inazama yenyewe."

"Kwani mimi napika, shemeji? Beringi haibembelezwi."

Ngiri akaitupa chini beringi kuukuu, akachukua nyundo. Ta. Ta. Ta. Beringi mpya ikakaa upande. Akapiga tena. Ta, ta, kwaa. Ganda la injini likapasuka.

Mama Digidigi akautazama ule ufa kama mtu anavyotazama kaburi.

"Imekufa hii," Ngiri akasema, wala hakuona haya. "Kazi ya Mungu. Niachie mifupa yake nikauze chuma chakavu."

Nasikia mnunuzi alikwisha kumpata asubuhi ile ile, lakini sikusema mimi.

Mama Digidigi akalia. Alipochoka kulia akaokota ile beringi kuukuu, akaisugua kwa kanga mpaka ikang'aa.

"Haya shemeji, chukua pikipiki. Ila beringi hii sikupi. Marehemu alisema ni pambo la jino. Akiivaa mwenye jino kubwa, wanawake hawalali."

Marehemu hakusema hivyo. Marehemu alikuwa mtu mpole.

"Nipe," Ngiri akasema.

"Sikupi."

"Nipe. Jino kubwa hapa ni la nani?"

"Lako, shemeji. Lakini haiingii ikiwa baridi. Ngoja niipashe."

Akaiweka juu ya jiko la chai la Ngiri. Ikapata joto, ikatanuka. Akaishika kwa koleo, akamvisha. Sururu, ikaingia mpaka shinani. Ngiri akajitazama kwenye kioo cha pikipiki, akatabasamu. Kisha beringi ikapoa. Ikapoa, ikabana. Ikabana, Ngiri akaacha kutabasamu.

"Shemeji, itoe."

"Niazime basi nyundo yako nikupige."

"Usinipige. Jino linauma mpaka sikioni."

"Inavyotoka nitakwambia. Injini ikipona."

Ngiri akauchomelea ule ufa, chrrr, machozi yakimtoka. Akausawazisha kwa tupa, kwiri kwiri. Mama Digidigi akalipasha ganda mwenyewe, na beringi mpya ikazama, tumbu, kama kunde kwenye mchuzi. Wakaifunga injini. Ikawaka.

"Haya, niambie," Ngiri akasema.

"Weka jikoni, shemeji. Ikipata joto inatanuka."

"Na jino langu?"

"Nalo litakuwa humo humo."

Ngiri akaliangalia jiko, jiko likamwangalia. Akakimbia. Mpaka leo hajaitoa. Ndiyo maana akila hupiga magoti, kichwa kizito. Majirani husema amekuwa mcha Mungu. Mimi simo.

Mama Digidigi akarudi nyumbani. Injini ilikwenda laini, huisikii. Akafika mlangoni, watoto hawakutoka. Akapiga honi, wakachungulia.

"Kumbe ni wewe, mama," akasema mkubwa wao. "Siku zote ilikuwa inakoroma, tunajua ni ya baba. Hii ya nani?"

"Ni yetu," mama akasema.

Wakarudi ndani. Yeye akazima injini, akabaki amekaa juu ya kiti, kiganja kimegusa lile ganda, mpaka likapoa.

Ulimi wangu umefika mwisho wa kamba. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, katemeeni kwa jirani, si mlangoni kwangu.

Na mafunzo yake ni haya, wajukuu zangu: fundi akishika nyundo mwacheni apige, msimfundishe kazi. Na mjane asijue habari za injini. Akae alie tu. Machozi hutengeneza kila kitu.