Udongo Usiochekechwa

Wekeni hilo chekeche chini kwanza. Udongo huu hauchekechwi, na anayetaka kujua sababu anyamaze asikie.

Enzi ambazo hata babu wa babu zetu walizisikia tu, mlima wa Ikuka ulivikwa misonobari kutoka bondeni hadi kileleni. Watu walijengea mbao zake na kuzibia mizinga ya nyuki kwa utomvu wake. Mvua za kwanza zilipoanguka, wanawake walichuma uyoga chini yake mpaka vikapu vikafurika. Udongo ulitulia mahali pake, na mto ulikuwa na maji ya kuona kokoto.

Kisha wakajifunza kufua majembe. Tanuri linataka makaa, na makaa yanataka mti. Jembe moja la Ikuka lililetewa mbuzi na chumvi kutoka mbali, basi nani angesema yatosha? Tamaa mbele, mauti nyuma. Walikata mpaka ukabaki mti mmoja, nao haukuachwa kwa huruma. Ulisimama juu ya kaburi la mtoto, na kwa watu wale kaburi halikuguswa kwa shoka wala kwa jembe. Mtoto huyo aliitwa Lugano. Mama yake, Tusekile, ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa kijiji.

Masika yaliyofuata, mlima uliteremka. Tope lilifunika mashamba ya ulezi, likaziba mto, na uyoga haukuonekana tena. Matanuri nayo yakapoa kwa kukosa makaa. Mwene Mbwilo, mtawala wao, akamwita Tusekile mbele ya watu.

"Mama Lugano, mbegu za msonobari unazo?"

"Ninazo, Mwene."

"Zioteshe. Tutakungoja masika matatu. Zikikataa, tunahama."

Tusekile aliitikia kwa heshima, lakini alirudi nyumbani akiliwaza kaburi la Lugano. Mwenye kuhama hubeba vyungu vyake na mbuzi wake. Kaburi halibebeki.

Akatengeneza kitalu kama alivyofunzwa. Watu wa Ikuka walijivunia usafi wa udongo wao kuliko hata majembe yao. Udongo wa kitalu waliuchoma moto, wakauchekecha mpaka ukawa laini kama unga, na kila uzi mweupe wa ukungu waliouona waliutupa mbali, maana waliziita nyuzi hizo nywele za wafu. Miche ilichipua, ikageuka njano, ikafa. Mwaka wa pili Tusekile akachoma mara mbili na kuchekecha mara mbili, na miche ikafa upesi zaidi. Wengine walikwisha kuanza kufunga mizigo. Wengine walimsema kisogoni kwamba msiba umemharibu mkono.

Masika ya tatu yalipokaribia, alikwenda kaburini kupalilia kwa vidole, kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kulia. Katikati ya magugu akaona miche ya msonobari, minne, ya kijani kibichi, ambayo haikupandwa na mtu. Mmoja uling'oka pamoja na gugu. Mizizi yake ilikuwa imezungukwa na nyuzi nyeupe, zilezile alizozitupa miaka miwili mfululizo.

Alielewa kuwa nyuzi zile ndizo zilizoipa miche uhai, na kuelewa kule kulimuuma. Mlima mzima ulikuwa umechukuliwa na maji. Udongo wa namna ile ulibaki mahali pamoja tu, juu ya mwanawe. Akiuacha, kaburi lingebaki salama, ila yeye angehama na kuliacha bila wa kulipalilia. Akiuchukua, angekuwa mama aliyechimba alipomlaza mtoto wake. Alikaa pale tangu umande mpaka jua la utosini.

Kisha akapiga magoti. "Hodi, mwanangu," akasema. "Nipishe kidogo." Akachota kwa mikono, juujuu, kiganja kimoja kimoja, akilia bila kujificha. Kila alipochota alirudishia majani makavu ya msonobari, kama mtu anayemfunika aliyelala.

Alipopita kijijini na kikapu chake watu walirudi nyuma kwa hofu. Mwene Mbwilo alisimama njiani.

"Mama Lugano, umegusa kaburi?"

"La mwanangu mwenyewe, Mwene. Kama kuna laana, iingie nyumbani kwangu."

Mwene akasogea kando, akampisha.

Akauchanganya udongo ule kwenye kitalu, na mwaka ule miche haikugeuka njano. Hakuna aliyehama. Wale waliomsema kisogoni ndio waliobeba miche mgongoni kuipeleka mlimani, na kila shimo lilitiwa kiganja cha udongo wa kitalu kile, usiochomwa wala kuchekechwa. Miti ilipofika urefu wa mbuzi, uyoga ulitokea chini yake. Baadaye tope likakoma kuteremka, mto ukaonyesha tena kokoto zake, na matanuri yakawashwa, lakini safari hii hakuna aliyekata kabla ya kupanda. Tusekile alizeeka palepale, akazikwa karibu na Lugano.

Na tangu siku hiyo, apandaye msonobari huanza kwa kuchota udongo wa msitu wa zamani, tena kwa mkono, si kwa jembe. Uyoga wa kwanza wa masika hauchumwi, ni wa Lugano. Na kila achotaye, awe mzee wa wajukuu au kijana asiyejua bado uchungu wa mtoto, hupiga magoti kwanza akasema, "Hodi, mwanangu. Nipishe kidogo."