Zimwi Lililotaka Magauni ya Idi

Paukwa!

Pakawa!

Sindano?

Iko!

Uzi?

Uko!

Masikio?

Tunayo!

Basi kaeni sawa, maana hadithi hii si ya kulalia.

Hapo kale palikuwa na mji mmoja katikati ya mashamba ya mihogo. Wasichana wa mji huo walikuwa na desturi yao. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha, kila msichana alimshonea mwanasesere wake gauni la Idi. Vitambaa vilitoka kwenye mabaki ya nguo za mama zao. Walikaa uani, wakakata, wakashona, wakatia marinda na lesi, wakapachika shanga na puluki zinazometameta. Na walishona wakiimba. Hakuna aliyejifunza kushika sindano bila kujifunza na wimbo wake. Idi Mosi, watu wakitoka kuswali, wanasesere walipangwa barazani, kila mtu akaja kutazama.

Basi, katika msitu wa mji huo lilikaa zimwi. Lilikuwa na ndevu nyekundu zilizofika magotini na tumbo kama pipa. Lilikula mbuzi, lilikula kuku, hata mlinzi wa shamba akisinzia lilimla. Jumbe wa mji, Jumbe Makame, akaenda kupatana nalo. Akarudi anacheka.

"Mambo yamekwisha," akawaambia wanaume wenzake. "Zimwi halitatula tena. Na litatufukuzia nguruwe shambani. Kulinda usiku basi, kila mtu alale kwake."

"Nalo linataka nini?"

"Gauni moja kila Idi. Gauni la mwanasesere tu."

Wanaume wakacheka mpaka wakashika mbavu. Zimwi zima, linataka gauni la mwanasesere! Wakakubali kabla kahawa haijapoa.

Wasichana hawakuulizwa. Nani angewauliza?

Ramadhani hiyo zimwi likaja. Liling'oa ndevu moja, likamtupia msichana aitwaye Mwanate, mwenye miaka kumi na mmoja. "Shonea uzi huo," likasema. Mwanate akashona huku akiimba, kama walivyozoea. Zimwi likachukua gauni, likamvika mwanasesere wake wa mti. Papo hapo yule wa mti akafumbua kinywa, akaimba kwa sauti ya Mwanate. Na Mwanate nyumbani kwao akafumbua kinywa kumwita mama yake, hakikutoka kitu.

Mama yake alilia barazani. Jumbe akamwambia, "Mwanao hakuliwa. Anakula, anatembea, anateka maji. Kilichokwenda ni gauni la mwanasesere tu."

Idi ya pili ikaenda sauti ya mtoto mwingine. Jumbe akasema, "Ni gauni la mwanasesere tu."

Idi ya tatu ikaenda nyingine. Jumbe akasema, "Ni gauni la mwanasesere tu."

Zikapita Idi sita, wakawa mabubu sita. Na kila Idi Mosi zimwi lilikuja kukaa katikati ya baraza na wanasesere wake, wakaimba, na watu wakapiga makofi. Wanaume walilala usingizi mnono. Wengine walidiriki kusema kwamba nyumba zao sasa zimetulia. Mlisikia? Zimetulia!

Mwaka wa saba palikuwa na ndugu wawili, Mize na Kidawa. Mize alikuwa na miaka kumi na mitatu, Kidawa tisa. Kidawa huyo alikuwa na maneno! Alibishana na mama, alibishana na muuza samaki, alibishana na kuku akimwambia anataga mahali pasipofaa.

Siku moja ya Ramadhani, baada ya alasiri, zimwi likasimama mlangoni kwao. "Nataka gauni! Nataka gauni la sikukuu! Nataka gauni ling'ae kama jua!" Likang'oa ndevu, likamtupia Kidawa.

Mize akamwambia mdogo wake, "Shona, lakini usiimbe. Sauti inanaswa na wimbo. Funga mdomo."

Kidawa akafunga mdomo. Akakata, amenyamaza. Akaunga mabega, amenyamaza. Alipofika kwenye marinda, mkono ukashika mwendo wake, sindano ikaingia na kutoka, ikaingia na kutoka, na wimbo ukamtoka wenyewe:

*Mwanangu wa kitambaa, simama nikupime,*
*Idi iko mlangoni, nawe hujavaa.*

Mize akaruka kumziba mdomo. Alichelewa. Ule uzi wa ndevu ulikuwa umeshainasa sauti, umekunjana kama mkia wa paka aliyeshiba.

Mize akachukua mkasi wa mama yake, akate ule uzi. Mkasi ukavunjika. Akavuta kwa mikono miwili ili gauni liraruke. Halikuraruka. Akajaribu kufumua kwa ncha ya sindano, mshono ukaachia mmoja tu, kisha mwingine. Hajafika wa tatu, zimwi likaingia, likampokonya gauni, likaenda kumvika mwanasesere wake.

Punde Kidawa akageuka amwite dada yake. Midomo ilicheza, lakini haikutoa hata pumzi yenye mlio. Akajipiga kifua. Akajaribu tena, machozi yanamtiririka, na hata kilio hakikusikika.

Mize hakulia. Alikwenda barazani, hata kanga hajaifunga vizuri.

"Shikamoo, Jumbe. Nina maswali matatu."

"Marahaba. Mtoto wa kike ana maswali matatu!" Jumbe akasema, na baraza likacheka. "Haya, uliza."

"La kwanza. Kama ni gauni tu, kwa nini zimwi halichukui lililoshonwa na fundi wa sokoni?"

Jumbe akakohoa.

"La pili. Nguruwe wanakula mihogo ya nani?"

"Ya kwetu sote."

"Basi mbona anayetoa ni Kidawa peke yake?"

Mize akapiga hatua moja mbele.

"La tatu. Jumbe, una mabinti wawili wanaojua kushona. Mbona ndevu ya zimwi haijui njia ya nyumbani kwako?"

Jumbe akasimama, mshipa umemtoka shingoni. "Nenda kwa mama yako ukasaidie futari! Msichana mwenye mdomo kama huo hapati mume!"

"Sikuja kutafuta mume, Jumbe. Nimekuja kutafuta sauti ya mdogo wangu. Naona hapa haipo."

Akaondoka. Kesho yake asubuhi akatia kwenye kikapu sindano, kibunda cha uzi mweupe wa pamba, shanga na puluki, akashika njia ya msituni.

Akalikuta zimwi pangoni linaguguna mfupa wa mbuzi mchana kweupe, maana zimwi halifungi. Wanasesere saba walikuwa wamepangwa juu ya jiwe.

"Wewe nani? Umekuja kuliwa?"

"Nimekuja kucheka."

"Unacheka nini?"

"Magauni yako. Puluki zimedondoka, lesi imekuwa rangi ya jivu. Zimebaki siku tatu tu, ni Idi. Utaketi mbele za watu na wanasesere waliovaa matambara? Watasema zimwi limefilisika."

Zimwi likaacha kuguguna. Likawatazama wanasesere, likajitazama tumbo. "Yatie nakshi," likasema. "Lakini usiwavue. Ukimvua mmoja, nakumeza na kikapu chako."

"Siwavui. Ila nitatumia uzi wangu. Ndevu zako nene, haziingii kwenye shanga."

Likakubali, likakaa mbele yake, macho kama mabakuli.

Sasa sikilizeni kazi aliyoifanya Mize. Mkono wa kulia ulipachika ushanga mbele, zimwi linaona, linafurahi. Mkono wa kushoto, chini ya marinda, ulifumua mshono wa ubavuni, mmoja mmoja, ndevu inatoka kidogo kidogo. Na pale alipofumua alishikiza kwa bandi, ile mishono mirefu milegevu ambayo fundi huipiga ili nguo ikae tu kwa muda. Bandi haina nguvu. Ukivuta ncha ya uzi inakimbia yote. Na Mize hakupiga fundo mwishoni.

Jua likishuka zimwi likasema, "Nionyeshe!"

Akalionyesha mbele.

"Linang'aa?" akaliuliza.

"Linang'aa."

Siku ya pili likasema, "Nionyeshe!" Akalionyesha mbele. "Linang'aa?" "Linang'aa."

Siku hiyo hiyo zimwi lilichoka kukaa bure, likamnyooshea kidole mwanasesere wa saba. "Imba!" Yule wa mti akaimba kwa sauti ya Kidawa, *Mwanangu wa kitambaa, simama nikupime*. Mize akahisi hasira inampanda kutoka miguuni mpaka utosini. Sindano ikamzama kidoleni. Tone la damu likaanguka kwenye gauni.

"Hicho nini?"

"Ushanga mwekundu."

Zimwi likasogeza pua. Mize akaendelea kushona.

"Tia na mwingine," likasema.

Siku ya tatu likasema, "Nionyeshe!" Akalionyesha mbele. "Linang'aa?" "Linang'aa." Zimwi likapiga makofi, ndevu zikarukaruka.

Mtoto yeyote wa mji ule, hata wa miaka sita, akipewa nguo huigeuza ndani kwanza. Ndani ndiko anakomjua fundi. Zimwi halikuwahi kushona hata kifungo, kazi yake ilikuwa kuchukua walichoshona wengine. Kwa hiyo siku zote tatu lilitazama mbele tu.

Basi Idi Mosi ikafika. Watu wakatoka kuswali, manukato yananukia, watoto wamevaa mapya. Zimwi likaja, likaketi katikati ya baraza, likawapanga wanasesere saba mkekani. Jumbe akakaa kando yake. Ndiyo, kando yake.

"Imbeni!"

Wanasesere wakaimba. Jumbe akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mize akatoka katikati ya wanawake. "Limebaki jambo moja," akasema. "Uzi umechomoza hapa. Si vizuri, siku ya Idi."

"Utoe upesi," likasema zimwi.

Chini ya marinda Mize alikuwa ameziunganisha nyuzi zote saba kuwa ncha moja. Mize akaishika, akavuta kwa nguvu zake zote.

Ssssss! Bandi zikakimbia. Gauni la kwanza likaanguka. La pili likaanguka. La tatu, na yote saba yakalala mkekani na shanga zake na puluki zake. Wanasesere wakabaki vipande vya mti.



Halafu pale walipokaa wanawake mtu akapiga kelele, "Dada!"

Alikuwa Kidawa.

Zimwi likainuka kumrukia Mize, Mize akakwepa. Lakini akina mama waliokuwa wakilia miaka yote ile hawakulia tena. Walikimbilia jikoni, wakatoka na michi ya kutwangia. Wakalitwanga mgongo, wakalitwanga tumbo, wakalitwanga magoti. Zimwi likatimua mbio, ndevu zikanasa miibani, likaziacha hapo hapo. Tangu siku hiyo halikuonekana tena.

Na wanaume? Wanaume walikuwa wamesimama nyuma ya Jumbe.

Jumbe akajipangusa jasho, akatabasamu. "Alhamdulillahi, yamekwisha. Leo sikukuu, tusikumbushane machungu. Haya, wasichana, tuimbieni kidogo!"

"Hatuimbi," akasema Kidawa. "Kaa chini, Jumbe. Tutasema, na wewe utasikiliza."

"Wee mtoto—"

"Kaa chini!" wakasema akina mama, na michi bado wameishika.

Akakaa.

Wale wasichana saba wakasema mmoja mmoja. Mmoja alisema alivyoungua mguu jikoni na asiweze kuita mtu. Mmoja alisema alivyosingiziwa wizi wa kuku na asiweze kukana. Jua likapanda, pilau ikapoa, hakuna aliyethubutu kuondoka.

Mwisho akasimama Mwanate, yule wa kwanza. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba, ana kanga ya mke wa mtu. Alizungumza polepole, kama anayejaribu ngazi asiyoiamini.

"Jumbe, ulikuja kwetu na mashahidi kuniuliza kama namkubali ndugu yako. Unakumbuka?"

"Nakumbuka," Jumbe akajibu. "Ulinyamaza. Tukajua umekubali."

"Sikunyamaza," akasema Mwanate. "Nilikuwa nasema sitaki. Nilisema mara tatu, nikikutazama usoni, na wewe ulikuwa unanitazama mdomo ukicheza."

Jumbe akainamisha kichwa. Safari hii hakukuwa na zimwi la kulisingizia.

Mwanate akavuka baraza, akaenda zake kwa mama yake. Hakuna mkono uliomzuia. Na jioni hiyo wanaume wote wa mji, Jumbe Makame akiwa mbele, walichukua marungu yao wakaenda kulinda mihogo yao wenyewe.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyechoka kukaa na anyooshe miguu, na aliye na jambo la kusema alianze sasa hivi. Funzo lake ni hili: mtu akikaa kimya usimjibie. Muulize, umsubiri, na kama hawezi kujibu, mtafute aliyeichukua sauti yake.