Fuko na Wakubwa wa Meza Ndefu

Hapo zamani za kale, wanangu, siku ambazo wanyama walikuwa na majiko, majumba na vyuo kama vyetu, binti mmoja wa Fuko alitoka kwao Vilimani akavuka mto kwenda kusoma katika nchi ya wanyama wakubwa. Alisomea uchimbaji wa visima. Kwao maji yalikuwa mbali. Mama yake alitoka alfajiri na mtungi, akarudi jua la utosi, na nusu ya maji ameshayanywa njiani kwa kiu.

Siku ya mahafali Fuko alivaa joho, akapigiwa vigelegele. Lakini moyo wake haukutulia. Kisima alikijua kwa kusoma tu. Hakuwahi kuchimba hata kimoja mpaka maji yakamgusa pua.

"Nikirudi hivi, nitamwambia nini mama?" aliwaza. "Nitamchorea kisima ukutani?"

Alihitaji kazi, mikono nayo isome. Na sheria ya nchi ile ilikuwa moja: mgeni aliyemaliza masomo, mvua za kwanza zikimkuta hana kazi, huvushwa mto akarudishwa kwao.

Basi akaenda kwenye usaili. Nyuma ya meza ndefu walikaa Bwana Tembo, mkuu wa visima, pamoja na Kifaru na Nyati. Fuko akasimama upande wa pili. Meza ilimpita urefu kwa mbali.

"Yuko wapi huyo mwombaji?" Kifaru akauliza.

"Nipo hapa chini, wazee. Shikamooni."

"Marahaba. Haya, wewe sauti, unajua kuchimba visima?"

Sasa, wanangu, huko Vilimani fundi hajisifu. Husifiwa na jirani, naye hukana. Akikubali tu sifa, watu hutazamana, wakakohoa.

"Kidogo tu, mzee," Fuko akajibu.

"Wewe ni hodari?"

"Aa, wapo wanaonizidi."

"Umeshafanya kazi kwa nani katika nchi hii?"

"Bado, mzee."

"Basi nenda kafanye kazi kwanza," Nyati akasema, "ndipo uje tukupe kazi."

"Na hiyo ya kwanza nitaipata wapi?"

"Sisi tutajuaje? Mwingine!" Gonga! Meza ikalia.

Hawakuwa na roho mbaya, wale wakubwa. Hawakuwahi kuinama tu.

Fuko akatoka macho yamejaa, akaenda moja kwa moja kwa Mjomba Nguchiro, mlezi wa wanafunzi wageni pale chuoni. Huyo Nguchiro alikuwa na mwili mdogo, mkia mrefu, na macho yasiyotulia. Ndiye aliyempokea Fuko siku ya kwanza, akamwonyesha bweni, soko, na mahali pa kunywa uji usioungua.

"Usilie, mwanangu. Tufanye mazoezi," Nguchiro akasema. "Nyoosha shingo. Sema: Mimi ndimi fundi!"

"Mimi... ndimi... fundi, labda."

"Ondoa hiyo labda!"

"Mimi ndimi fundi, Mungu akipenda, na majirani wakiridhia."

Kikikikiki! Nguchiro akacheka mpaka akakaa chini. Kisha mkia ukaanza kucheza.

"Basi, tusikupinde. Hiyo tabia yako ya kukana ndiyo itakayokupa kazi. Kesho twende bondeni."

Asubuhi wakashuka mpaka kwenye mto mkavu. Wakubwa walikuwa huko, wakichimba kwa miguu na pembe. Puu! Puu! Kila wakifika chini kidogo, mchanga unamiminika, chururuu, kisima kinajifukia. Nchi nzima ilikuwa inakunywa tope.

"Kaa nyuma ya jiwe hili," Nguchiro akanong'ona. "Ukiulizwa, jibu kama mama yako alivyokufunza. Usiongeze, usipunguze."

Kisha akawaendea wakubwa, mikono nyuma.

"Poleni na kazi, wakubwa. Loo! Bado mnahangaika? Nilidhani mmeshampata yule fundi wa Vilimani."

Tembo akakohoa. Katika nchi ile, mkubwa hakubali kwamba kuna asilolijua.

"Aa, yule! Nani asiyemfahamu? Nyati, si unamfahamu?"

"Sana!" Nyati akasema. "Tangu zamani!"

"Basi mnajua taabu yake," Nguchiro akaendelea. "Mafundi wa kwao hukana. Ukimwuliza kama anajua, atakwambia kidogo tu. Ukimsifu, atakwambia wapo wanaomzidi. Wengi humpita wakidhani hajui kitu. Mimi naogopa tu Kiboko asije akasikia kwamba amekaa nyuma ya jiwe lile, akawawahi kumpa kazi."

Tembo hakungoja neno jingine. Ndi! Ndi! Ndi! Akafika kwenye jiwe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akainama.

"Binti! Wewe ndiye fundi wa Vilimani?"

"Hapana, mzee. Mimi nimetoka shule juzi tu."

"Mmh!" Kifaru akamkonyeza Nyati.

"Unajua visima?"

"Kidogo tu."

"Amekana!"

"Lakini wewe ni hodari, sivyo?"

"Wapo wanaonizidi, mzee."

"Amekana tena! Ndiye!"

Fuko akaona mambo yanaharibika. "Wazee wangu, naapa, sijawahi kufikia maji hata siku moja!"

"Lahaula! Kukana gani huku!" Nyati akapiga kelele. "Mzungukeni asituponyoke!"

Fuko akageuka amtafute Mjomba. Nguchiro alikuwa anatazama mawinguni, kama aliyepoteza ndege wake.

Haya, afanyeje? Akapiga magoti, akanusa ardhi. Hakwenda katikati walikochimba wenzake. Akafuata kingo mpaka penye kona, mahali ambapo mto, ulipokuwa hai, ulipumzika. Hapo akaanza. Kwaru, kwaru, kwaru! Akachimba shimo jembamba, la kulala upande, akigandamiza kuta kwa mgongo kila alipopiga hatua, kama walimu walivyomweleza.

Jua likapanda. Shimo likatoa vumbi.

"Huyu fundi mbona anatoa vumbi?" Kifaru akaguna huko juu.

"Nyamaza," Tembo akasema. "Labda hata kisima chake kinakana kwanza."

Kule chini gizani, Fuko aliendelea kukwaruza. Akamkumbuka mama na mtungi wake. Akasogeza jiwe moja kwa pua, akashtuka.

Lilikuwa baridi.

Kwaru! Kwaru! Bwi! Tiririiii!

Maji yakamgusa pua. Fuko akakaa humo humo, akanywa, akalia, akanywa tena.

Alipotoka, bonde zima lilikuwa linacheza. Tembo akashusha mkonga, akavuta, fyoooo, akafumba macho kwa utamu. Mara akayafumbua.

"Ngoja. Kidogo tu... wapo wanaonizidi... Wewe si ile sauti ya chini ya meza?"

Mkia wa Nguchiro ukasimama wima. Safari hii Fuko angeweza kukana, na angeaminiwa.

"Ndimi, mzee," akasema. "Na majibu yangu ni yale yale."

"Tumechezewa!" Kifaru akanguruma. "Nguchiro!"

"Nimesema uongo gani, mkubwa?" Nguchiro akajibu, amesharudi nyuma kidogo. "Mimi nimewaeleza desturi za kwao tu. Waliosema wanamfahamu tangu zamani ni ninyi."

Nyati akatazama kwato zake. Tembo akapunga masikio, mara akaanza kucheka, cheko lililotikisa mchanga.

"Masikio yote haya, jamani, na siku ile hayakusikia kitu! Binti, kazi ni yako. Na ile meza ikatwe miguu."

Mvua za kwanza zikamkuta Fuko kazini. Siku hiyo alichota maji ya kisima chake, akampelekea Nguchiro.

"Mjomba, nikushukuruje?"

Nguchiro akanywa polepole. "Mimi nami nilifika hapa mgeni. Mama Kobe ndiye aliyenipokea. Nilipomwuliza hivyo hivyo, alinipa kata ya maji akaniambia: kunywa, kisha msogezee mwenzako."

Fuko akafanya kazi mpaka mikono yake ikajua yote ambayo kichwa kilijua. Ndipo akarudi Vilimani kwa hiari yake, akachimba kisima mlangoni pa mama. Mtungi ule mama akaupandia maua.

Lakini kabla hajaondoka, aliketi kwenye ile meza fupi pamoja na wakubwa. Akaingia kijana wa Nungunungu, mgeni.

"Unajua kuchimba?" Kifaru akamwuliza.

"Kidogo tu, mzee."

Fuko akafungua kinywa amtetee, lakini Tembo alikuwa ameshainama, amemsogezea kijana jembe.

"Kidogo tu, eti! Twende bondeni, mwanangu, ukatuonyeshe hicho kidogo."

Hadithi yangu imefika mdomoni mwa kisima, wanangu, nami naiacha hapo inywewe: mgeni usimpime kwa anavyojisema, mpe jembe umwone.