Kijiko Sikitaki

Wapendwa, kaeni tu, sitawachosha. Nataka niwape habari ya mama mmoja mjane aliyeishi kwenye mteremko, huko milimani ambako ukiangusha chungwa mlangoni kwako unaliokotea kwa jirani.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na kilima. Mvua za masika zilipoanza, udongo ukaporomoka, ukaegemea ukuta wa chumba wanacholala wajukuu. Kila asubuhi mama alichukua jembe na karai, akachota, akamwaga. Mvua inayofuata inaurudisha wote, na nyongeza juu. Ukuta ukapata ufa. Mama akaomba, na nyinyi mnayajua maombi ya mjane: "Baba, niondolee mlima huu kabla haujanizikia watoto."

Sasa, bondeni walikuwa wanatengeneza barabara. Watu wa huko kila mtambo wa njano wanauita katapila, habari nyingine hawana. Siku moja dereva wa mtambo mmoja akapanda na dumu, anaomba maji ya rejeta. Mama akamjazia. Kijana akauona ule ukuta, akashtuka.

"Mama, humu mnalala?"

"Tunalala, mwanangu. Tutakwenda wapi?"

"Basi nitaongea na msimamizi wangu. Kesho nakuletea kijiko."

"Unaniletea nini?"

"Kijiko, mama. Kazi hii kijiko kimoja tu kinatosha."

Mnacheka? Wanakwaya, nawaona. Yeye hakucheka. Mtu ameshindwa na jembe, jembe lenye mpini, leo anaahidiwa kijiko! Iliuma.

"Mwanangu," akasema, "mimi ni mjane, lakini sijawa wa kuchezewa. Vijiko ninavyo ndani. Chukua maji yako uende salama. Kijiko sikitaki."

Kijana akatahayari. Akadhani labda mama anaihofia migomba yake isikanyagwe. Akashuka zake.

Niwaulize, mama alikosea? Ameomba mlima uondoke, anaambiwa kijiko. Wewe ungesema amina?

Mvua zikaendelea, ufa ukapanuka mpaka unapitisha kiganja. Asubuhi moja jirani yake akamwita kutoka ng'ambo ya ua: "Mama, umesikia? Barabara imekwisha. Kijiko kinapakiwa kwenye lori, kinaondoka."

"Kijiko gani hicho cha kupakiwa kwenye lori?"

"Si lile katapila dogo lenye mkono nyuma, linalochimba mitaro! Wenyewe ndivyo wanavyoliita."

Mama alishuka ule mteremko pekupeku, kanga mkononi. Akakuta mtambo uko juu ya lori, minyororo imekazwa, injini ya lori inanguruma.

"Mwanangu!" akapiga kelele. "Nisamehe! Mimi nilidhani cha kulia wali!"

Kijana akacheka mpaka akakaa chini. Msimamizi hakucheka. Alimtazama mama, akayatazama mawingu, akauliza, "Nyumba ina watu?"

"Wajukuu zangu, baba."

"Shusheni," akasema.

Wakafungua minyororo. Kijiko kikapanda mlima, kikateremsha miguu yake ya chuma, kikatulia. Dereva akageuza kiti, na ule mkono wa nyuma ukaanza kuutoa udongo ukutani polepole, kama mama anayemlisha mtoto uji. Kikachimba mtaro wa kupeleka maji bondeni. Kisha kikageuka, na kwa beleshi lake pana la mbele kikausomba udongo wote, kikafukia korongo lililokuwa limekula uwanja, kikasawazisha, kikasogeza na mawe ukingoni yazuie mmomonyoko. Saa sita haijafika, kazi imekwisha. "Hapo sasa panda maua, mama," kijana akamwambia. Yule mama aliweka kiganja chake ukutani akalia kwa furaha.

Sasa tuje kwetu sisi. Mara ngapi tumeomba mlima uondoke, Mungu akajibu kwa jina dogo, tukamrudishia? Uliomba ndugu wa kukufaa, akakuletea jirani mwenye makelele, ukanuna. Siku ulipozidiwa na homa, nani alikubeba mgongoni? Uliomba kazi ya heshima, ukapewa kibarua, ukaona umedhihakiwa. Kibarua hichohicho si ndicho kilichosomesha watoto wako? Tunalijua jina, kitu chenyewe hatujakiona, na tayari tumeshasema hatukitaki.

Lakini msidhani nimewaletea mfano huu kwa ajili ya mbio za yule mama. Hapana. Sikilizeni tena lile neno: "Shusheni." Mtambo umeshafungwa. Safari imeiva. Na mama alikuwa amekataa, kwa kinywa chake mwenyewe, hakusingiziwa. Msimamizi angeweza kusema, "Huyu si alikataa?" Na angekuwa na haki. Hakusema. Aliuliza tu kama ndani kuna watu.

Wapendwa, kuta zetu zimesimama leo kwa sababu Mungu hakutushika maneno. Tulikataa, akasikia, na bado akasema, "Shusheni."

Basi simameni. Leo hatuombi kitu. Na kwa yale tuliyoomba tukapewa, mmeshashukuru tangu asubuhi, nimewasikia. Sasa fungueni vinywa tumshukuru kwa yale tuliyoyakataa, naye akayaleta.