Baba Aikande Juu ya Ngamia

Kabla hujasema hii haikuhusu, isome mpaka mwisho. Kisha mtafute mzazi mmoja unayemjua, yule ambaye ameanza kuulizia bei za tiketi za Desemba, umrushie.

Palikuwa na fundi mmoja wa majokofu, Mchaga mzaliwa wa Marangu, aliyeishi mjini na mkewe na watoto wao. Mtoto wa kwanza alikuwa binti, jina lake Aikande. Wakafuata Elisante na Siaeli, bado wadogo. Kama ilivyo desturi, tangu Aikande alipozaliwa hakuna aliyemwita fundi yule kwa jina lake. Mtaani, kanisani, hata kwa wateja waliompigia simu wakilia kwamba samaki wao wanaoza, yeye alikuwa Baba Aikande, na jina hilo alilipenda.

Aikande alisoma sekondari ya bweni, kwa masista, si mbali na Marangu. Alipenda baiolojia kupita kiasi. Kuku akichinjwa nyumbani, hakikatwi kitu mpaka kwanza awaonyeshe wadogo zake moyo ulipo na mapafu yalipo. Mama yake alikuwa akisema, "Mwanangu, tutakula lini? Huyu kuku si mgonjwa wako."

Elisante alisoma shule ya msingi ya kulipia, yenye basi la njano. Januari moja, siku ya kufungua shule, mwalimu aliwataka watoto wasimame mmoja mmoja, kila mtu aseme likizo alikwenda wapi. Wa kwanza akasema Dubai. Wa pili Afrika Kusini. Wa tatu Dubai tena. Elisante akasimama kwa furaha zote akasema, "Mimi nilikwenda Marangu kwa Bibi. Tulichinja mbuzi!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu naye akacheka. Kuanzia siku hiyo Elisante akaitwa Mgomba, kwa migomba ya kwa Bibi.

Alirudi nyumbani analia. Baba yake alisikia habari ile akaacha chakula mezani.

"Mwanangu aitwe Mgomba? Mimi nikiwa hai? Sikilizeni nyote. Desemba ijayo familia hii inapanda ndege kwenda Dubai!"

Nyumba nzima ikashangilia. Aikande ndiye aliyeshangilia kuliko wote.

Wakaanza kujibana. Nyama ikahamia Jumapili, baadaye ikahama kabisa. Mama akaacha kununua vitenge na wenzake. Televisheni ikakatwa. Hakuna aliyenung'unika, maana njaa ya pamoja haiumi sana. Likizo ya Juni ilipofika, Aikande hakwenda kupumzika kama wanafunzi wengine. Alikaanga sambusa mbele ya nyumba tangu asubuhi, moshi ukimtoa machozi, na kila aliyenunua alimwambia, "Karibu, hii ni sambusa ya Dubai." Aliamini anajikaangia safari yake.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, baba yake alimwita sebuleni.

"Kaa, mama," akamwambia kwa upole. "Mwaka huu mambo yamebana. Nataka upumzike nyumbani muhula huu mmoja. Ada yako tuisogeze kwanza kwenye safari. Tutakulipia kabla ya Krismasi, Januari unarudi."

"Niache shule, Baba?"

"Nani kasema uache? Nimesema upumzike. Shule haihami."

Aikande akauliza, "Lakini Dubai nakwenda?"

Baba yake akajikuna kichwa. "Unajua, mama, wadogo zako wana punguzo. Aliyevuka miaka kumi na miwili anatozwa nauli ya mtu mzima. Wewe umeshakuwa mkubwa. Na nyumba hii nani ataiangalia?"

"Baba, lakini si haki—"

"Aikande! Tangu lini mtoto anajibizana na wakubwa?"

Basi ikawa hivyo. Kwenye nauli, Aikande alikuwa mtu mzima. Kwenye kusema, alikuwa mtoto.

Mama yake alijaribu kumtetea akaambiwa ni muhula mmoja tu, hata mimba ni ndefu kuliko hapo. Sista Redempta, mkuu wa shule, alimsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akasema, "Nafasi ya binti yako nitaishika mpaka mwisho wa mwaka. Mwaka mpya ukiingia, nampa anayesubiri. Wanaosubiri ni wengi, Baba Aikande."

"Hatutafika huko, Sista."

Miezi ikapita. Wenzake Aikande wakifundishwa mzunguko wa damu, yeye alikuwa akigeuza sambusa. Novemba, baba yake akaenda kwa wakala kukata tiketi. Kijana wa pale akapiga hesabu, akazigeuza kumwonyesha. Fundi akaruka.

"Mbona imekuwa mara mbili? Si wewe uliyeniambia bei?"

"Mzee wangu, nilikupa bei ya mwezi wa tano, watoto wakiwa darasani," kijana akamjibu. "Shule zikifungwa, ndege nayo inajua. Hoteli inajua. Hata ngamia anajua."

Alirudi nyumbani ameloa jasho. Mkewe akamwambia, "Baba Aikande, tuahirishe. Twende Marangu kama siku zote, mtoto arudi shule."

"Tuahirishe vipi? Jumuiya ya kanisani wameshatuombea sala ya safari! Walipiga magoti hapa hapa sebuleni. Nikisema hatuendi, sala za watu nitaziweka wapi?"

Mwanamume akaona aibu ya kurudisha sala, hakuona aibu ya kurudisha nyuma mtoto wake. Fungu la ada ya Aikande likaenda pamoja na mengine yote.

Siku ya safari aliwapigia pasi nguo, akamfunga Siaeli viatu. Baba yake alimkabidhi kilo za sukari na kitenge vya kumpelekea Bibi Marangu, akamnong'oneza, "Bibi akiuliza, mwambie nimepata kazi mbali. Usimtie wasiwasi."

Bibi alikuwa akingoja. Ndani alikuwa na beberu wa ndafu, wa kuchomwa mzima sikukuu, amemlisha majani ya migomba mwaka mzima kwa mkono wake, kwa ajili ya wanawe warudipo Desemba. Aliposikia hodi alitoka akitazama nyuma ya Aikande, huku na huku.

"Wenzako wako wapi?"

Aikande akafungua mdomo atoe uongo aliopewa. Haukutoka. Ukatoka ukweli, wote, pamoja na Sista Redempta, sambusa na nauli ya mtu mzima.

Bibi akaenda kumtazama mbuzi wake. Krismasi ikafika, ukoo ukaja, na Bibi akakataa beberu asichinjwe. "Mbuzi huyu anamngoja mwenyewe," akasema. Ukoo ukala kuku.

Mwaka ulipobakiza siku moja, Bibi akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akamwambia Aikande ampigie baba yake. Iliita sana. Hatimaye ikapokelewa, na upande wa pili kulikuwa na vicheko na upepo.

"Mwanangu," Bibi akasema kwa sauti kubwa, "kesho nafasi ya mtoto inakwisha. Mpigie yule Sista mzungumze!"

"Mama, siwezi kuongea sasa!" fundi akajibu. "Niko juu ya ngamia!"

Simu ikakatika. Aikande alikuwa amesimama pale pale, na alisikia kila neno.

Mwaka mpya ukaingia. Siku chache baadaye fundi na familia yake wakafika Marangu, wameng'aa, wamevaa miwani ya jua kwenye ukungu wa mlimani. Bibi akaruhusu beberu achinjwe. Ukoo ukakusanyika uani. Nyama ikiwa motoni, fundi akatoa simu yake, ikaanza kupita mkono kwa mkono. Hapa ghorofa refu. Hapa jangwani. Hapa Elisante anakula aiskrimu kubwa kuliko kichwa chake.

Aikande alikuwa jikoni akimenya ndizi za supu ya mtori. Akamsikia shangazi yake, Ndeonasia, ambaye hajawahi kumeza neno likiwa la moto.

"Picha nzuri, kaka. Lakini nitafutie na Aikande nimwone."

"Aikande alibaki, dada."

"Alibaki? Baba Aikande kaenda Dubai bila Aikande? Sasa kule walikuita baba nani?"

Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kama cha mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

Nyama ikaiva. Baba mkubwa wa Aikande, Kanankira, ndiye aliyekata. Kwao kila fungu lina mwenyewe, na huitwa kwa jina. Kidari ni fungu la heshima, hupewa baba aliyerudi nyumbani na watoto wake. Kanankira akakiinua.

"Kidari! Baba Aikande!"

Fundi akanyoosha mkono.

"Ngoja," Bibi akasema.

Akatoka kwa mwendo wake wa taratibu mpaka kwenye uzio, akachuma jani moja la isale, akarudi, akamwekea mwanawe kiganjani pale pale palipongoja nyama.

Vicheko vikakatika. Kila Mchaga anajua jani lile. Mwenye kosa hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba radhi, na anayelipokea hana ruhusa kukataa. Atasamehe, hata kama kosa ni la damu.

"Mama, nimpelekee nani?" fundi akauliza, ingawa alijua.

"Yuko jikoni, anamenya ndizi zako."

"Mama!" Fundi akasimama. "Mimi baba mzima nimpe mtoto isale? Umeona wapi?"

Bibi akamtazama kutoka chini hadi juu.

"Ulipomhesabia nauli, si ulisema ni mtu mzima?"

Aikande alikuwa ametoka, amesimama mlangoni, kisu mkononi, utomvu wa ndizi umemtia weusi vidoleni. Baba yake akavuka ua mbele ya ukoo wote, miwani ya jua bado iko kichwani, akampa binti yake jani.

"Nimekukosea, mama," akasema kwa sauti ndogo.

Aikande akalipokea kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa.

"Nimekusamehe, Baba."

Watu wakashusha pumzi. Mwingine akaanza kupiga makofi. Fundi akatabasamu, akageuka kutazama kidari chake.

"Lakini Baba," Aikande akasema, na makofi yakafa. "Jana Bibi alinipeleka kwa Sista. Wewe ulisema shule haihami. Ni kweli, nimeikuta pale pale, haijahama. Ila kiti changu ameshapewa mtu mwingine. Nimekusamehe kwa sababu isale haikataliwi. Isale haifungui geti la shule."

Kidari kikapoa kwenye sinia, na siku ile hakuna aliyekila.

Wakarudi mjini, shule za wengine zikafunguliwa. Elisante akaondoka na basi la njano asubuhi, amekariri majina ya maghorofa yote. Aikande akabandika karai lake mbele ya nyumba. Jioni basi likamshusha Elisante analia.

"Nini tena?" baba yake akauliza. "Hukuwaambia Dubai?"

"Niliwaambia! Wakacheka! Wanasema Dubai kila mtu ameshakwenda. Likizo hii wao walikwenda Uturuki!"

Fundi, kwa mazoea tu, akaanza kunong'ona peke yake: "Uturuki... Uturuki ni mbali kiasi gani?"

Aikande aligeuza sambusa moja, akaiacha ikaange upande wa pili. Karibu yake Siaeli alikuwa amekaa chini na daftari lake, anachora kuku na moyo wake ndani, kama dada yake alivyomfundisha.

"Na safari hii, Baba, atapumzishwa nani?" Aikande akauliza. "Amebaki Siaeli."

Funzo: Usimshushe mtoto mmoja darasani ili umpandishe mwingine ndege. Likizo huisha watoto wakarudi shule, na yule uliyemtoa hubaki nje ya geti akiwa na ombi lako la msamaha mkononi.